Maneno Yanayovalika: Kanga, Picha na Tangazo kama Chemchemi za Ubunifu

Mtu asimamaye Magogoni asubuhi, akaitazama pantoni ikitoka Kigamboni kuja mjini, huona kwanza rangi kabla hajaona nyuso. Wamo wavuvi na makasha yao, watumishi wa ofisi, wanafunzi waliovaa sare, na akina mama waliojifunga kanga na kujitanda nyingine. Chombo kinapokaribia gati, rangi zile huanza kuwa maumbo: korosho, nanasi, nyota, jani la mwembe. Kinapotia nanga, maumbo nayo huanza kusema, kwa kuwa chini ya kila umbo pana maneno. Kwa hiyo msafiri wa Kigamboni husoma kabla hajafungua kitabu, na husoma migongoni mwa wenzake.

Sisi tuliozaliwa ng'ambo ile tulijifunza kusoma kwa njia hiyo. Kabla ya kwenda shule tulikwisha kujua herufi za kanga ya mama, maana alikuwa nayo moja nzuri tu, nasi tuliiona kila siku. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, doti moja ya kanga ilisubiriwa kwenye foleni ya duka la ushirika tangu alfajiri. Aliyeipata hakuchagua rangi wala jina, alipokea aliyopewa. Hata hivyo tunakumbuka kwamba akina mama walipofika nyumbani waliikunjua kanga, wakayasoma maneno yake kwa sauti, wakacheka au wakaguna, kisha ndipo walipoipima urefu. Njaa ya nguo haikuondoa njaa ya neno.

Tumeleta kumbukumbu hiyo kwa sababu tunataka kujadili swali linaloulizwa mara kwa mara na vijana wanaopenda kutunga mashairi, kuchora au kubuni: ilhamu hupatikana wapi? Wako wanaodhani kwamba ilhamu hushuka kwa watu wachache waliojitenga, na kwamba vitu vya sokoni, kama vile nguo, kibao cha duka na tangazo la biashara, ni vitu duni visivyostahili kutazamwa na msanii wa kweli. Sisi tunaona kinyume. Historia ya sanaa katika mwambao wetu inaonyesha kwamba chemchemi nyingi za ubunifu zimebubujika penye biashara, penye haja na penye watu wengi. Tuitazame historia hiyo kidogo kidogo.

Katika karne ya 19 nguo kuu za watu wa kawaida wa mwambao zilikuwa merikani na kaniki. Merikani ilikuwa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, nayo ilipewa jina hilo kwa sababu ililetwa na wafanya biashara wa Marekani. Kaniki ilikuwa nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza, iliyotoka India. Nguo hizo hazikuwa na pambo, na ndizo zilizovaliwa na watumwa. Kisha, katika nusu ya pili ya karne hiyo, wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kununua leso za mraba zilizouzwa kwa jora. Neno leso lenyewe ni la Wareno. Badala ya kukata leso moja moja, walikata vipande vyenye leso kadhaa, wakaviunganisha kwa sindano, wakapata nguo moja pana yenye pambo. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa asili ya kanga. Nalo jina la kanga linasemekana kutokana na madoadoa ya nguo za mwanzo, yaliyofanana na manyoya ya ndege kanga.

Msomaji na atue hapa kidogo. Nani alibuni kanga? Si mwenye kiwanda cha Ulaya, wala si mwenye duka. Wenye viwanda walitengeneza leso ya kufutia jasho. Waliobuni ni wanawake walioitazama bidhaa ya kigeni kwa jicho lao, wakaona ndani yake kitu ambacho mtengenezaji wake hakukiona. Wafanya biashara waliwafuata baadaye, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa kwa namna ile ile, kutoka India, Uingereza, Uholanzi na hata Japani. Somo la kwanza la ubunifu ni hilo: kukitazama kitu cha kawaida mpaka kikufunulie matumizi mapya.

Tena tukumbuke wakati ule ulikuwa wakati gani. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Waliokuwa wamevaa merikani na kaniki kama alama ya unyonge walitamani vazi jingine. Kwao kanga yenye rangi na pambo ilikuwa tangazo, lililosema bila ya sauti kwamba mvaaji wake ni mtu huru, mwenye haki ya kupendeza. Kwa hiyo tusiseme kwamba pambo ni anasa tupu. Mara nyingine pambo ni heshima iliyorudishwa.

Sasa tuitazame kanga kama kazi ya usanifu. Kanga ina sehemu tatu: pindo, yaani ukingo unaoizunguka pande zote, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Hakuna mwalimu wa uchoraji anayeweza kutoa somo bora zaidi la mpangilio. Pindo huzuia jicho lisitoke nje. Mji hulipa jicho mahali pa kutua. Na jina hulipa jicho sababu ya kurudi tena. Aidha mchoraji wa kanga hana budi kukumbuka kwamba kazi yake haitatundikwa ukutani. Itafungwa kiunoni, itajitandwa kichwani, itabebea mtoto, itakunjwa na kufuliwa. Pambo lake lapaswa kupendeza likiwa limetandazwa na likiwa limejikunja. Msanii anayelazimika kufikiri hivyo hujifunza nidhamu ambayo aliye na uhuru wote huikosa.

Jina la kanga ndilo linalotugusa zaidi sisi washairi. Maneno ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kirumi zikashika nafasi. Katika habari hiyo hutajwa sana duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, ambalo kanga zake zinajulikana mwambao mzima kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Inasemekana mwenye duka hilo ndiye aliyeanza kutia maneno katika kanga mapema katika karne ya 20. Angalieni basi: chini ya vazi moja yamekaa maandishi mawili. Moja ni alama ya mfanya biashara anayetangaza mali yake. La pili ni msemo wa hekima, wa mapenzi, wa dua au wa kijembe. Biashara na ushairi vimelala katika pindo moja, wala havijagombana.

Naam, jina la kanga ni ushairi. Methali nyingi zilizopata kuandikwa juu ya nguo hizi zina mizani kamili. Hesabuni silabi za "Subira yavuta heri", mtapata nane. Hesabuni "Penye nia pana njia". Ni nane pia. Hesabuni "Mwenda pole hajikwai", nane tena. Kila mwanafunzi wa ushairi anajua kwamba mizani nane ndicho kipande kimoja cha mshororo wa shairi la kawaida, na ndio mshororo mzima wa utenzi. Sikio la Mswahili limezoea pumzi ya urefu huo, hata asiyejua kanuni yoyote ya arudhi huitambua. Msemo wa kanga hutegemea pumzi hiyo. Pia hutegemea ukimya: hausemi unamlenga nani. Mama aliyevaa kanga yenye kijembe anaweza kukana kwamba amemsema jirani yake, na jirani naye anaweza kujifanya hakusoma. Ugomvi mwingi umetulizwa kwa njia hiyo, na mwingine umewashwa. Huo ni uwezo mkubwa kwa maneno matatu au manne.

Tuingie sasa katika tangazo. Baada ya Uhuru, nchi yetu nayo ilihitaji kusema na watu wengi kwa maneno machache. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962, Jamhuri ilipoanzishwa, alitangaza wizara ya utamaduni, akaeleza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Miaka iliyofuata ikaleta kampeni za elimu kwa redio na vikundi vya kusoma: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Tazameni majina hayo. Hakuna hata moja linalozidi maneno matatu. Mtu ni Afya ilifikia watu wapatao milioni mbili, wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Hatudai kwamba jina peke yake lilichimba choo. Kazi hiyo ilifanywa na walimu wa vikundi, vitabu na vipindi vya redio. Lakini jina lile lilikuwa mlango. Mtu huingia nyumbani kwa kupitia mlango, wala hapitii ukutani.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hilo kwa kufedheheka. Zamani kidogo, tukiwa katika utumishi, ofisi moja ilituomba tutunge maneno ya tangazo la kuwahimiza wananchi wafunike mitungi na ndoo za maji. Kwa kuwa tulijulikana kuwa ni washairi, tulitaka kuonyesha ujuzi. Tukaandika sentensi ndefu, yenye "kwa mujibu wa" na "ili kuhakikisha kwamba", ikapigwa chapa na kubandikwa mahali pengi, pamoja na ukuta mmoja karibu na kivuko. Siku moja tukiwa tunasubiri pantoni, tulimwona bibi mmoja wa Mjimwema ameliegemea tangazo letu, amelipa mgongo.

Tukamsalimu, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Tukamwuliza kama ameyasoma maneno yale. Akageuka, akayasoma polepole mpaka nusu, kisha akaacha.

"Mwanangu," akasema, "maneno haya hayavaliki."

Hakujua kwamba mwandishi ndiye aliyesimama mbele yake, nasi hatukuwa na ushujaa wa kumwambia. Pantoni ilifika, akapanda, nasi tukapanda nyuma yake. Njia nzima tulisoma kanga za abiria kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa la kwanza. Tulipofika ng'ambo tulikuwa tumepata maneno haya: "Funika maji ya kunywa." Ni mizani nane. Hayana pambo, lakini yana pumzi, na mtoto anaweza kuyakariri akiwa anateka maji. Tangu siku ile, kila tunapoandika, hujiuliza: je, maneno haya yanavalika?

Hadithi ya picha za Tingatinga inatoa somo lilelile kwa njia ya rangi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika upande wa Tunduru. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za mikono za namna mbalimbali. Kama mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa amesomea uchoraji, wala hakuwa na turubai na rangi za mafuta zinazotumiwa katika vyuo vya sanaa. Alichukua ubao mgumu unaotumika katika ujenzi, akautia rangi inayotumika kupakia baiskeli. Inaelezwa kwamba alikuwa ameziona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mitaani, akaamini kwamba naye anaweza. Lakini hakuziiga. Alichora wanyama na ndege kwa namna yake, wakubwa, wenye macho mapana na madoa, wakiujaza ubao wote. Picha hizo ziliuzwa kando ya duka la Morogoro Stores huko Oyster Bay, nje kabisa, penye njia ya wanunuzi.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Hata hivyo ndugu na jamaa aliokuwa amewafundisha, wakiwamo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo na Simon Mpata, waliendelea. Mwaka 1990 wachoraji wa mkondo huo wakaunda chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Ile rangi ya baiskeli, iliyochaguliwa kwa kuwa ilipatikana na ilikuwa rahisi, ndiyo iliyoupa mtindo huo mng'ao wake. Mara nyingi upungufu wa vifaa humtia msanii moyo wa kubuni kuliko wingi wa vifaa.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Paris, mwaka 1891, mchoraji Toulouse-Lautrec alichora tangazo la ukumbi wa ngoma uitwao Moulin Rouge, likabandikwa katika kuta za barabara. Leo tangazo hilo huhifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Wachoraji wengi wa Ulaya wa kizazi chake walikuwa wamejifunza kutoka kwa picha za Japani zilizochapwa kwa mbao, ambazo nazo ziliuzwa kwa bei nafuu kwa watu wa kawaida wa kwao. Huko Marekani Andy Warhol, aliyeanza maisha yake kwa kuchora matangazo ya biashara, alionyesha mwaka 1962 picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's. Wengi walimcheka. Lakini hata waliocheka hawakuweza tena kulitazama kopo la supu kwa jicho lile la zamani. Dunia nzima basi inakiri kwamba mpaka kati ya sanaa na soko ni mwembamba.

Baada ya kusema hayo, hatuna budi kutoa tahadhari mbili.

Ya kwanza ni juu ya kuiga. Kujifunza ni kuuliza jambo limefanyikaje. Kuiga ni kulichukua jambo jinsi lilivyo. Wale wanawake wa Unguja na Mombasa hawakuiga leso, waliigeuza. Tingatinga hakuiga picha za Kongo. Alichukua ushujaa wake tu. Lakini siku hizi tunawaona vijana wanaochukua pambo la mwingine, wakabadili rangi moja, wakaliita lao. Huo ni wivi hata kama hakuna aliyeshika mwizi. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ni vyema walimu wawaeleze wanafunzi kwamba kazi ya akili ni mali kama shamba lilivyo mali.

Ya pili ni juu ya wasiotajwa. Mtunzi wa utenzi wa kale alizoea kutia jina lake katika beti za mwisho, apate kuombewa dua. Mchoraji wa Tingatinga huandika jina lake pembeni ya ubao. Lakini jina la kanga, licha ya kuitwa jina, halina jina la mtunzi. Ni wanawake wangapi waliotoa misemo ile vibarazani, visimani na arusini, ikachukuliwa dukani, ikachapwa, ikauzwa na kurudi kwao kwa bei? Hatuwajui, wala hatutawajua. Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kiliwapa Watanzania nafasi ya kuchapa nguo zao wenyewe nyumbani. Lakini nyingi za kanga zinazouzwa madukani leo zimechapwa nje, hasa India. Maneno ni yetu, kitambaa ni cha wengine. Na baadhi ya maneno hayo sasa huja yamekosewa tahajia, kwa kuwa aliyeyachapa hayajui. Lugha inayovaliwa na mama zetu ikiharibika, watoto watakaojifunza kusoma migongoni mwao watasoma makosa. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mapambo likawa la taifa.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wafanye jambo dogo. Wawaagize wanafunzi kila mmoja alete jina moja la kanga iliyomo nyumbani kwao, pamoja na maelezo ya mama au bibi juu ya alivyoipata na kwa nini aliipenda. Darasani wahesabu mizani, watafute vina, wachore pindo na mji, wajadili msemo unamlenga nani. Kisha kila mmoja atunge wake. Vivyo hivyo vibao vya maduka vilivyoandikwa kwa mkono, na maandishi ya nyuma ya magari ya abiria, vinakiliwe madaftarini kabla havijafunikwa na mabango yaliyochapwa kwa mashine. Daftari hilo litakuwa hazina kwa mwanafunzi, na kwa mwanahistoria wa kesho.

Tumalizie tulikoanzia, ng'ambo ya Kigamboni. Sasa mtu anaweza kufika huko kwa gari bila ya kupanda pantoni, kwa kupitia Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016. Tunashukuru, maana wagonjwa na mizigo hufika upesi. Lakini garini mtu hamsomi mwenzake. Ukiendelea na safari kuelekea kusini utafika Gezaulole, mahali pa kale palipoitwa Mbwamaji, ambapo katika miaka ya 1970 palikuwa na kijiji cha ujamaa cha watu waliotoka mjini kwenda kulima. Jina hilo la Kizaramo maana yake ni jaribu uone. Waliolitoa walikuwa wakiwaambia wakulima wapya wasiogope jembe.

Sisi twalichukua jina hilo tuwape vijana wanaotuuliza ilhamu iko wapi. Iko kwenye gati, iko kwenye duka, iko kiunoni mwa mama yako anapokuletea uji. Litazame, uliulize limefanyikaje, kisha shika kalamu au burashi. Geza ulole.